Mkuki wa Mgiriki ulianzia shambani

Mwaka 2022 wataalamu wa vinasaba walitoa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya askari waliozikwa Himera, mji wa Kigiriki uliokuwa pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Sicily. Makaburi hayo ya pamoja ni ya vita viwili dhidi ya Carthage, dola ya pwani ya Afrika Kaskazini: vya mwaka 480 KK, ambavyo Wagiriki walishinda, na vya mwaka 409 KK, ambavyo viliufuta mji wenyewe. Miongoni mwa waliokufa katika vita vya kwanza walionekana watu ambao nasaba zao zilitoka kaskazini mwa Ulaya, nyika za mashariki na milima ya Caucasus. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kemia ya meno ilikuwa imeonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya askari wa 480 KK hawakukulia Himera, ilhali wa 409 KK wageni walikuwa kiasi cha robo tu. Habari hiyo imekuwa ikizunguka tangu hapo, na kila inapozunguka inatiwa chumvi. Toleo linalosambazwa sasa ni kwamba ile sifa ya Mgiriki raia, anayeacha jembe na kushika ngao, ilikuwa uongo wa waandishi, na kwamba waliomwaga damu ni watu wa kukodiwa.

Upande wa pili wa mtandao huohuo, Msparta hajawahi kupata soko kama la leo. Gym ya mtaani kwetu imechora ukutani chapeo yenye kishungi chekundu, na wahamasishaji wa mafanikio hawamalizi dakika kumi bila kuwataja wale Wasparta mia tatu waliokufa wakiwazuia Waajemi pale Thermopylae. Huku wanasema raia askari hakuwepo; kule wanasema alikuwepo na alikuwa chuma, na nasi tukiamka saa kumi alfajiri tutakuwa chuma kama yeye. Naona wote wanateleza pahala pamoja. Wanaitazama safu ya ngao kana kwamba ilijisimamisha yenyewe, kwa damu au kwa nidhamu. Hoja yangu ni kwamba safu ile ilisimamishwa na mpangilio wa mali: nani ana shamba, nani analilima mwenye shamba akiwa vitani, na nani amelipia ile shaba kifuani. Dola ikibadili majibu ya maswali hayo matatu, safu nayo hubadilika au huvunjika, hata kama mazoezi ni yaleyale. Kwa jicho hilo makaburi ya Himera hayaikanushi historia ya Ugiriki. Yanaisimulia vizuri kuliko washairi wake.

Tuanze na chombo chenyewe. Falanksi ilikuwa safu nene ya askari wa miguu, walioitwa hopliti, waliosimama bega kwa bega kwa kina cha kawaida cha watu wanane. Ngao ya hopliti ilikuwa duara la mbao lenye upana wa karibu sentimita 90, mara nyingi limevikwa shaba usoni, na uzito wake ulifika kilo sita au saba. Mkono wa kushoto ulipenya kwenye pete ya katikati hadi karibu na kiwiko, kisha kiganja kikakamata kishikio cha ukingoni. Ukiivaa hivyo, sehemu kubwa ya ngao inachomoza kushoto kwako, na ubavu wako wa kulia unabaki kumtegemea jirani. Thucydides, jemadari aliyegeuka kuwa mwanahistoria, aliona matokeo yake: kila jeshi lilipotembea lilielemea kulia, kwa sababu kila mtu alijibanza kwenye ngao ya mwenzake. Wapenzi wa “umoja ni nguvu” huishia hapo, nami siwalaumu, maana picha ni tamu. Lakini wanaruka jambo moja la mfukoni. Kwa karne nyingi vifaa hivyo havikutoka ghala la serikali. Ngao, chapeo, dirii ya kifua, vikinga miguu na mkuki wa mita mbili na zaidi vilinunuliwa na mwenyewe. Hata Athene, iliyokuwa tajiri, utaratibu unaojulikana wa kumpa kila kijana ngao na mkuki kwa gharama ya umma ni wa karne ya nne KK. Kabla ya hapo waliopewa seti nzima ni wana wa baba waliokufa vitani.

Kwa hiyo kusimama safuni kulikuwa kauli ya kipato. Solon, mtunga sheria, alipowapanga raia wa Athene mwanzoni mwa karne ya sita KK aliwapanga kwa mavuno: wenye vipimo 500 juu, wenye 300 wakiwa wapanda farasi, kisha wenye 200, na chini yao vibarua wa kutwa. Kundi la tatu, ambalo jina lake linahusishwa na jozi ya maksai wa kulimia, ndilo kwa kawaida huhesabiwa kuwa uti wa mgongo wa hopliti. Kipimo kimoja kilikuwa kama lita 52, hivyo vipimo 200 ni zaidi ya lita 10,000 za nafaka kwa mwaka. Hiyo si mboga ya nyuma ya nyumba. Baadhi ya wanahistoria wamepiga hesabu ya ardhi inayohitajika na kuona kwamba huyu “mkulima wa kati” alikuwa na nafasi nzuri kuliko tulivyozoea kumwaza. Wengine wanajibu kwamba wapo hopliti waliokuwa chini ya kiwango hicho, waliojikakamua wakanunua silaha. Naamini wote wana sehemu ya ukweli, na hoja yangu haihitaji mshindi kati yao. Inatosha kwamba mlango wa safu ulikuwa na bei.

Hapo ndipo tunapokutana na hoja nzito inayopinga yangu, na ya kale kuliko zote. Mwanafalsafa Aristotle aliandika kwamba zamani miji ilitawaliwa na wapanda farasi, na kwamba hopliti walipopata nguvu vitani watu wengi zaidi waliingia katika utawala. Kwa maneno mengine, ngao ndiyo iliyozaa haki. Hoja hii imeishi kwa sababu ina mantiki: ukimhitaji mtu asimame mbele ya mikuki kwa ajili yako, ni vigumu kumwambia baadaye afunge mdomo barazani. Wengi wetu tuliosoma historia kidato cha pili tulimezeshwa mfecane kwa mtindo huohuo: Shaka akafupisha mkuki, dola ikazaliwa, tukajaza alama.

Tatizo ni kwamba mpangilio wa matukio haukubali kunyooka. Ngao ya pete mbili inaonekana tayari karibu na mwaka 700 KK, na katika karne iliyofuata miji mingi iliyokuwa nayo iliangukia kwa madikteta, haikuangukia kwa raia. Mashairi ya Tyrtaios wa Sparta yanaonyesha warusha mawe wakijikunyata chini ya ngao za wenzao, picha iliyo mbali na ukuta nadhifu wa filamu. Wapo wanahistoria wanaoamini kwamba falanksi iliyokamilika ilichelewa hadi karne ya tano. Na pale ambapo tunaweza kuona hopliti wakitumiwa kama kigezo cha siasa, kigezo hicho kilitumika kufunga mlango. Mwaka 411 KK, Athene ikiwa taabani baada ya jeshi lake kuangamia Sicily, wapinzani wa demokrasia walipindua serikali kwa ahadi kwamba haki za kisiasa zitabaki kwa watu 5,000 wenye uwezo wa kuitumikia dola kwa mali zao na miili yao. Baada ya kundi la mwanzo la watu 400 kuanguka, serikali ikakabidhiwa wale waliojinunulia silaha za hopliti, na Thucydides akaisifu kuwa bora kuliko zote alizoziona Athene. Waliokataa tangu mwanzo walikuwa mabaharia waliokuwa kisiwani Samos. Walikaa huko na manowari zao na kutangaza kwamba demokrasia iko kwao, mji ndio ulioasi.

Mabaharia hao ndio jibu la swali la demokrasia ya Athene. Mwaka 483 KK au karibu na hapo mshipa mnono wa fedha ulipatikana katika machimbo ya Laurion, na mwanasiasa Themistocles akawashawishi raia wasigawane pesa ile bali wajenge meli. Manowari moja ya ngazi tatu ilihitaji wapiga makasia 170. Zidisha kwa meli 200 uone: watu 34,000, wakati jeshi la hopliti la Marathon mwaka 490 KK hukadiriwa kuwa kiasi cha 10,000. Hata ukiwaondoa wageni na watumwa waliokuwemo melini, umma wa makabwela waliokuwa wakiushika uhai wa mji mikononi ulizidi wenye ngao. Mwandishi mmoja wa karne hiyo, asiyejulikana jina na aliyeichukia demokrasia, alikiri kwa uchungu kwamba ni haki maskini wapate zaidi kuliko matajiri, kwa sababu wao ndio wanaosukuma meli. Kasia halikununuliwa na mpiga kasia. Lilitolewa na dola, kutokana na fedha iliyochimbwa na watumwa. Hapo Aristotle yuko sahihi nusu: anayehitajiwa vitani hupata sauti. Anachokiacha ni nani anayeamua atahitajiwa nani, na jibu liko katika hazina.

Turudi Himera sasa. Mwaka 480 KK Sicily ya Kigiriki ilikuwa mikononi mwa wababe. Theron wa Akragas alikuwa ameuteka mji wa Himera na kumfukuza mbabe mwenzake Terillus, naye Terillus ndiye aliyewaita watu wa Carthage wamrudishe. Aliyekuja kumwokoa Theron ni Gelon wa Syracuse. Huyu Gelon tunaambiwa na mwanahistoria Herodotus kwamba alipoiteka miji ya jirani aliwahamishia matajiri wake Syracuse na kuwapa uraia, huku watu wa kawaida wa Megara, mmoja wa miji hiyo, ambao hawakuwa na hatia yoyote katika vita vile, akiwauza utumwani nje ya kisiwa. Aliona kuishi na makabwela ni karaha. Mtawala wa aina hiyo atapata wapi jeshi la raia? Alikodi. Mwanahistoria Diodorus, mzaliwa wa Sicily, anasema Gelon aliwaandikisha mamluki zaidi ya 10,000 kuwa raia wa Syracuse. Utawala wa ukoo wake ulipoanguka mwaka 466 KK walikuwa wamebaki zaidi ya 7,000, raia wa zamani wakawanyima vyeo, vita vya mtaa kwa mtaa vikafuata. Baada ya hapo kisiwa kikaingia katika kipindi cha miji inayojitawala, na vita vya 409 KK vikaikuta Himera hiyo.

Sasa weka takwimu za meno juu ya historia hiyo. Theluthi mbili wageni chini ya wababe. Robo chini ya raia. Sitaki kuipamba hesabu hii kupita uwezo wake. Jino linaeleza mtu alikunywa maji ya wapi utotoni, halielezi kama alilipwa. Askari wa Syracuse aliyekuja kama mshirika naye angehesabika mgeni, na mwaka 480 KK washirika walikuja wengi, wakati mwaka 409 KK msaada wa Syracuse ulifika ukaondoka kabla mambo hayajaisha. Maelezo hayo mepesi yanaweza kubeba sehemu ya tofauti. Lakini hayawezi kumbeba mtu mwenye nasaba ya Caucasus. Huyo alifika pale kwa njia ndefu ya biashara ya askari au ya watumwa, na walioweza kugharamia njia ndefu ni wababe wenye hazina. Wanaosema “kumbe raia askari ni hadithi” wamechukua jeshi la madikteta wawili na kulifanya kipimo cha Ugiriki nzima. Ni sawa na kumpima mvuvi kwa samaki aliowanunua sokoni.

Kosa la upande wa Sparta ni la kina zaidi, na ndilo linalonikera, kwa sababu linatolewa kama somo la maisha. Hoja yao husema hivi: Sparta ilikuwa ndogo, ikaamua kuwafundisha watoto wake kuanzia umri wa miaka saba, nidhamu ikazaa ushindi. Tazama walivyoenda vitani dhidi ya Waajemi mwaka 479 KK, pale Plataia. Herodotus anahesabu Wasparta kamili 5,000, na pamoja na kila mmoja waheloti saba, yaani watu 35,000. Heloti alikuwa mkulima aliyefungwa kwenye ardhi, mtu wa taifa lililotekwa, hasa la Messenia, na Tyrtaios mwenyewe anawafananisha Wamessenia na punda waliolemewa mizigo, wakiwapelekea mabwana nusu ya mavuno. Huo ndio mtambo. Msparta alikuwa na siku nzima ya kufanya mazoezi kwa sababu kuna mtu mwingine alikuwa anapalilia. Nidhamu ilikuwepo, sibishi. Thucydides anawasifu kwa mnyororo wa amri ulioshuka kutoka kwa mfalme hadi kikosi kidogo kabisa, na kwa kutembea taratibu kwa mlio wa zumari wakati adui anakimbilia vitani kwa makelele. Ila nidhamu hiyo ilikuwa pia ya mlinzi wa gereza. Thucydides huyohuyo anasimulia kwamba waheloti waliodai kuwa wamepigana vizuri kuliko wenzao walialikwa wajitokeze wapewe uhuru. Wakajitokeza wapatao 2,000, wakavikwa mashada, wakazungushwa mahekaluni, kisha wakatoweka, na hakuna aliyejua kila mmoja aliuawaje. Waliochaguliwa ni walewale waliokuwa na moyo wa kujitokeza kwanza. Sijasikia mhamasishaji hata mmoja akiitaja hiyo.

Uraia wa Sparta nao ulikuwa na ada. Kila mmoja alipaswa kupeleka kwenye meza ya pamoja shayiri, divai, jibini na tini kutoka shamba lake, kila mwezi. Aliyeshindwa aliondolewa mezani, na aliyeondolewa mezani alipoteza uraia, hata awe na makovu mengi kiasi gani. Wao walijiita “walio sawa”. Lakini ardhi haikukaa sawa: ilirithiwa, ikaolewa, ikatolewa wasia, ikakusanyika kwa wachache. Aristotle anasema karibu mbili ya tano ya nchi yote ilikuwa mikononi mwa wanawake warithi, jambo ambalo yeye alililaumu kwa sababu zake za kiume, lakini linaonyesha jinsi mali ilivyokuwa inajikunja ndani ya koo chache. Familia ikagawanya shamba, watoto wakashindwa ada, safu ikapungua mtu mmoja mmoja bila vita yoyote. Wanaume kama 8,000 mwaka 480 KK. Mwaka 425 KK, kisiwani Sphacteria, askari 420 wa upande wa Sparta walizingirwa na Waathene, wakatupiwa mishale na mawe na watu wa silaha nyepesi ambao wao hawakuweza kuwafikia, na 292 wakajisalimisha. Kati yao Wasparta kamili walikuwa kama 120, na Sparta, dola iliyodai haijui kusalimu amri, ilikuwa tayari kuomba amani ili iwapate. Watu 120! Mji wenye akiba ya watu hauombi amani kwa ajili ya 120.

Miaka michache baada ya Sparta kuishinda Athene mwaka 404 KK, kijana mmoja aitwaye Kinadon, hodari lakini si miongoni mwa “walio sawa”, alipanga mapinduzi. Xenophon, aliyeishi chini ya ulinzi wa Sparta na kuipenda, anasimulia jinsi Kinadon alivyompeleka mtu sokoni na kumwambia ahesabu Wasparta waliopo. Mfalme, wakuu wa mji, wazee na wengine, jumla wakafika kama 40. Hao ni adui zako, akamwambia. Wengine wote humu sokoni, zaidi ya 4,000, ni wenzako. Na chuki ya hao wengine, kwa mujibu wa mtoa taarifa, ilikuwa kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuficha kuwa angewala Wasparta hata wabichi. Kinadon alikamatwa pamoja na wenzake, wakatembezwa mjini wakipigwa mijeledi. Mashamba hayakugawiwa upya.

Ndiyo maana kushindwa kwa Sparta pale Leuctra hakukuwa ajali. Mwaka 371 KK Epaminondas wa Thebes aliwapanga watu wake wa kushoto kwa kina cha watu wasiopungua 50, dhidi ya safu ya Sparta ya watu wasiozidi 12. Vitabu vya mbinu za kijeshi humaliza hapo na kupiga makofi. Hata hivyo watu wa Thebes walikuwa wamejipanga kwa kina cha 25 miaka zaidi ya hamsini nyuma, pale Delion, kwa hiyo wazo la safu nene halikushuka kutoka mbinguni siku ile. Kilichobadilika ni pande zote mbili za mkuki. Thebes ilikuwa imewafukuza walinzi wa Sparta mwaka 379 KK, ikaunda upya shirikisho la Boeotia, eneo la Ugiriki ya kati, lililokusanya wakulima wa nchi nzima chini ya baraza moja. Sparta ilikuja na raia kamili wapatao 700, na 400 kati yao wakafa mchana mmoja. Sheria ilitaka waliokimbia vita wavuliwe heshima, na mfalme Agesilaus akaona kwamba akiitekeleza hatabaki na mji. Akatangaza kwamba kwa siku hiyo sheria na zilale. Aristotle baadaye aliandika kwamba mji ule haukuhimili pigo moja, ulikufa kwa uhaba wa watu. Nami naongeza kwamba pigo la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza: mwaka 369 KK Epaminondas aliingia Messenia, akawaweka huru waheloti na kusaidia kujengwa mji wa Messene. Sparta ilikuwa imepoteza vita kabla na kupona. Kupoteza mashamba haikupona. Zaidi ya karne moja baadaye, mfalme Agis wa Nne alipoanza kuhubiri mgawo mpya wa ardhi, Wasparta walikuwa hawazidi 700, na waliokuwa na ardhi kati yao labda 100. Walimnyonga.

Inabaki basi ile hoja dhaifu kuliko zote, ya Thermopylae: kwamba mia tatu walionyesha kile ambacho roho peke yake inaweza kufanya. Siku ya mwisho pale njiani walibaki pia watu 700 wa Thespiai, mji mdogo wa Boeotia, wakiongozwa na Demophilus. Hawakulelewa kambini na hawakuwa na waheloti saba saba. Na kwa mji wao, 700 ni pengo lisilozibika upesi. Walipokutana Wagiriki Plataia mwaka uliofuata, Herodotus anaandika kwamba watu wa Thespiai waliosalia, 1,800, walikuja lakini hawakuwa na silaha za hopliti. Mji wao ulikuwa umechomwa na Waajemi. Huo ndio ushujaa bila mtaji: ulikuwepo, ulikuwa mkubwa sawa na wa Sparta, na uliisha na vifaa. Ukutani gym kwetu hawajachorwa.

Makedonia, ufalme wa kaskazini mwa Ugiriki, ilithibitisha jambo hilo kwa upande wa kinyume. Philip wa Pili alishika utawala mwaka 359 KK baada ya kaka yake kuuawa na Waillyria pamoja na askari zaidi ya 4,000. Alichofanya ni kubadili bei ya mlango. Mkuki wake mpya, sarissa, ulikuwa na urefu wa mita tano au zaidi, ukashikwa kwa mikono miwili, na ngao ikawa ndogo ya kuning’iniza. Shaba nzito ya kifuani haikuwa lazima tena. Mchunga kondoo asiye na kitu aliweza kuwekwa safuni kwa gharama ya mfalme, na mfalme alikuwa na machimbo ya dhahabu ya Pangaion, yaliyosemwa kumwingizia talanta 1,000 kwa mwaka, pamoja na ardhi ya kuteka na kugawa. Mwaka 338 KK, pale Chaironeia, askari hao wa mfalme waliwashinda raia wa Athene na Thebes. Walikuwa na nidhamu? Bila shaka. Walikuwa na sauti? Waliweza kumpigia kelele mfalme, na mwanawe Alexander alizisikia kelele hizo zaidi ya mara moja, lakini ardhi waliyokaa juu yake ilitoka mkononi mwake.

Nimeacha mwisho tukio linaloonekana kuiumiza hoja yangu, na ambalo linahusu bara letu. Tarehe 22 Juni mwaka 217 KK, pale Raphia karibu na Gaza, Ptolemy wa Nne, mtawala wa Misri mwenye asili ya Kimakedonia, alipambana na Antiochus wa Tatu, mfalme wa Syria. Upande wa Ptolemy walikuwepo tembo wa Kiafrika 73, ambao mwanahistoria Polybius anasema wengi waliwaogopa tembo wa Kihindi, na lilikuwepo jambo jipya zaidi: Wamisri wenyeji 20,000 waliofunzwa kupigana katika falanksi ya Kimakedonia. Kwa karibu karne nzima watawala hao wa Kigiriki walikuwa wamewaweka wenyeji pembeni ya kikosi kikuu. Safari hii hapakuwa na wa kuziba pengo. Falanksi ile ilisaidia kushinda. Polybius anasema uamuzi huo ulifaa kwa siku ile na ukawa kosa kwa siku zilizofuata, kwa maana Wamisri walirudi wakijivuna kwa Raphia, hawakuvumilia tena kuamrishwa, wakawa wanatafuta kiongozi wao.

Kwa haraka, huyu ni Aristotle tena: mpe mtu mkuki, atadai haki. Nami nakubali kwamba Raphia inaonyesha mafunzo ya safu yanaweza kumfungua mtu macho kuhusu idadi yake na nguvu yake. Lakini angalia aliporudi alikuta nini. Askari mwenyeji alikuwa na kishamba kidogo kuliko cha mwenzake wa Kigiriki, kodi ilikuwa ileile, na vita vilikuwa vimepandisha mahitaji ya hazina. Kabla ya mwaka 200 KK Misri ya juu ilikuwa imejitenga na kumtawaza Farao wake, Horwennefer, akifuatiwa na Ankhwennefer, ambaye hakukamatwa hadi mwaka 186 KK. Ni takriban miaka ishirini ambayo Thebes ya mto Nile, si ile ya Ugiriki, haikuwa mali ya Alexandria, makao ya watawala hao.

Katikati ya uasi huo, mwaka 196 KK, makuhani waliokutana Memphis walitoa azimio la kumsifu mfalme kijana Ptolemy wa Tano. Azimio hilo lilichongwa kwa maandishi ya aina tatu kwenye jiwe ambalo dunia inalijua kwa jina la Rosetta, na tunaloliheshimu kwa sababu ndilo lililosaidia kufungua maandiko ya Misri ya kale. Wachache wanasoma linachosema. Linahesabu kodi zilizofutwa na nyingine zilizopunguzwa, madeni ya hazina yaliyosamehewa, wafungwa walioachiwa, na linaeleza jinsi waasi wa mji wa Lykopolis walivyozingirwa na kuadhibiwa. Na linasema kwamba wale wa tabaka la askari wenyeji, na wengine waliokuwa na nia mbaya wakati wa vurugu, wakirudi, wabaki na mali zao.